Nukta ianzie mdomoni

Ukimwambia mtoto wa darasa la kwanza aweke nukta mwisho wa sentensi, ataiweka mwisho wa mstari. Si kosa lake. Sentensi bado haijui. Anachokijua ni sauti.

Basi anzeni daftari likiwa limefungwa. Mwambie aseme "mama amerudi" kwa namna tatu: akitoa habari, akiuliza, na akiruka kwa furaha kwa sababu kauona mfuko wa maandazi. Maneno ni yale yale mawili. Kiswahili kinatusaidia sana hapa, maana hatupangui maneno ili kuuliza, na hiyo "je" si lazima. Kwenye karatasi kazi yote ya sauti inafanywa na alama:

Mama amerudi.
Mama amerudi?
Mama amerudi!

Kisha mwandikie sentensi nne au tano mfululizo, bila alama hata moja. Mpe punje za maharage, asome kwa sauti na kuweka punje kila sauti inapotua. Wangu alikuwa na "mama anapika bibi analala". Akapitiliza, akasoma "mama anapika bibi", akashtuka, akacheka mpaka maharage yakamwagika. Punje akaiweka mwenyewe baada ya "anapika". Akishazoea, penseli ichukue nafasi ya punje, na herufi kubwa ifuate.

Alama ya mshangao icheleweshe kidogo. Wakishaionja, hata "Leo ni Jumatatu" wanaiwekea tatu.