Vita vya Afyuni: anzeni na barua

Walimu wenzangu wa historia, Vita vya Afyuni, vile vya Uingereza na China juu ya biashara ya dawa hiyo ya kulevya, msivianze kwa sura ya kitabu cha kiada. Wasomeeni wanafunzi barua ambayo Lin Zexu, mjumbe wa mfalme wa China, alimwandikia Malkia Victoria mwaka 1839. Ni fupi na ina uchungu wa kweli: watu wa nchi nyingine wangeleta afyuni Uingereza na kuwashawishi raia wako waivute, bila shaka ungechukia mno. Mwaka huohuo, pale Humen, kusini mwa China, Lin aliharibu zaidi ya masanduku 20,000 ya afyuni kwa chumvi na chokaa. Waacheni wanafunzi waandike jibu la malkia kabla hamjawaambia kilichofuata. Mkifika kwenye somo la Japani kushinikizwa ifungue milango yake, tumieni vivyo hivyo barua ya Rais Fillmore wa Marekani kwa mfalme wa Japani: maneno ya kirafiki, yaliyofika na manowari 4 mwaka 1853.