Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuizunguka Dar es Salaam kwa Ajili ya Chakula

Mtu anayekuja Dar es Salaam kwa nia ya kuonja vyakula vyake, kuanzia vitafunwa vya alfajiri hadi halua na mishkaki ya usiku, kwa kawaida huanza kwa kuuliza mahali: biriani nzuri iko wapi, faluda inauzwa mtaa gani, mihogo ya kukaanga hupatikana ufukwe upi. Maswali hayo ni ya msingi, lakini ningemshauri atangulize swali la saa. Katika jiji hili kila chakula kina wakati wake, na aliyejipanga kwa ramani peke yake atafika mahali penyewe barabara, kisha akute sufuria zimeshaoshwa na mabenchi yamepandishwa juu ya meza. Nimeyaona hayo kwa mama yangu mdogo aliyekuja kutoka Tabora. Nilimwandalia sehemu sita kwa siku moja, nikazipanga kwa ukaribu wa mitaa badala ya saa za mapishi, na tulichofanikiwa kula ni sehemu mbili tu. Ile biriani aliyoifuata tuliifikia saa 10 jioni, ukoko nao ukiwa umekwisha kukwanguliwa.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuigawa siku. Kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 3 ni wakati wa vitumbua, maandazi, chapati, na supu ya ng'ombe au ya mbuzi inayonywewa kwa ndimu na pilipili. Ukichelewa utavipata vitafunwa hivyo, ila vitakuwa vimepoa, na kitumbua kilichopoa si kile kile tena. Mchana, kati ya saa 6 na saa 9, ni zamu ya mama lishe: wali kwa maharage, ugali kwa samaki, ndizi nyama, mboga za majani zilizoungwa kwa nazi au karanga. Biriani utaipata siku nyingi, lakini siku yake hasa ni Ijumaa, na wanaoijua huifuata mara tu baada ya sala. Magharibi ikiingia, mitaa ya Kariakoo, Upanga na Magomeni hujaa moshi wa mishkaki na kuku wa kuchomwa, na chipsi mayai hupikwa hadi usiku mwingi. Kahawa chungu ndani ya vikombe vidogo, pamoja na kashata za karanga au za nazi, huanza alasiri na kuendelea maadamu mabaraza yana watu.

Asubuhi ya kwanza ningependa uitoe kwa vitumbua peke yake, na usimame karibu na jiko badala ya kungojea mezani. Mpishi amelowesha mchele tangu jana, ameusaga pamoja na tui la nazi na iliki, ametia hamira na sukari na kuuacha uumuke. Chuma chenye vishimo kimewekwa juu ya mkaa. Hudondosha mafuta katika kila kishimo, humimina uji ule kwa upawa mdogo, na usikilizapo utasikia sauti ya mafuta ikianza kwa kishindo kisha ikitulia taratibu. Ukingo ukishageuka kahawia hukipindua kitumbua kwa kijiti, haraka, kabla upande wa chini haujaungua. Ukikichana cha kwanza, tazama ndani: vishimo vingi vidogo ni alama kwamba hamira imefanya kazi yake, na ubichi unaonata katikati ni alama ya mkaa uliokuwa mkali mno. Mtu akishakula kitumbua kilichotoka kwenye chuma dakika hiyo hiyo, ataelewa mwenyewe kwa nini nasisitiza saa.

Duka la mikate nalo lina saa yake, ambayo mgeni anaweza kuijua kwa kuuliza tu siku moja kabla. Wauzaji wengi hukutajia bila kinyongo ni wakati gani skonzi na mikate mipya hutolewa kwenye tanuri. Mkate wa moto usiufunike mara moja, kwa maana mvuke ukikosa njia huilowesha ganda na mkate hupoteza ule ukavu wa nje unaoufanya uwe mtamu. Hapa inafaa kukumbuka kwamba tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini Tanzania. Mtembezi wa vyakula anapaswa kuondoka nyumbani na kikapu, au mfuko wa kitambaa, pamoja na chombo kimoja chenye mfuniko imara kwa ajili ya vitu vya mafuta na vya majimaji. Keki zenye krimu ziwe kitu cha mwisho kununuliwa, tena jioni, kwani joto la miezi ya Desemba hadi Machi haliziachi salama hata kwa mwendo wa nusu saa ndani ya daladala.

Usafiri unahitaji maneno machache tu. Mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza kazi mwaka 2016, hupita Magomeni, Kisutu na Posta hadi Kivukoni, na tawi lake jingine huingia Kariakoo hadi Gerezani, hivyo sehemu kubwa ya ninayoyaeleza hapa unaweza kuifikia bila gari. Wakati wa masika, angalia hali ya Jangwani kabla ya kutoka, kwa sababu mafuriko ya bonde hilo hukatiza njia. Pesa taslimu za noti ndogo ni lazima kwa wauza kahawa na vitafunwa, ingawa migahawa mingi sasa hupokea malipo kwa simu.

Tumbo lenyewe ndilo linalotaka maandalizi makubwa kuliko miguu. Kigezo changu ni kimoja: chakula kiwe cha moto kinachofuka, au kiwe kikavu kama kashata na visheti. Kilicho vuguvugu, hasa chenye tui la nazi au maziwa, nakiacha hata kama harufu yake inaita. Wali uliokaa nje tangu mchana una hatari ambayo wengi hawaifahamu, kwa kuwa kuna bakteria ambao mbegu zao huhimili kupikwa, huzaliana wali unapopoa polepole, na sumu wanayoiacha haiondoki kwa kuupasha moto tena. Juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi ni burudani kubwa ya mitaa hii. Inywe mahali ambapo miwa inakamuliwa mbele yako na mashine inaoshwa, na uikatae barafu usiyojua maji yake yametoka wapi. Iwapo tumbo litaharibika, usisubiri: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi hutengeneza kinywaji cha kurudisha maji mwilini pale ambapo paketi za dawa hiyo hazijapatikana. Hali ikizidi, au ikimpata mtoto, nendeni hospitali.

Mwenye kisukari, mwenye shinikizo la damu, au asiyepatana na chakula fulani aamue mipaka yake kabla ya kutoka, maana mbele ya sinia la kalimati zinazong'aa kwa shira uamuzi huwa mgumu. Karanga zimo katika mboga na kashata, nazi imo karibu kila mahali, na lozi au korosho hujificha ndani ya vitamu vya Kihindi. Usiulize tu kama chakula "kina shida", bali taja kitu chenyewe kwa jina na useme wazi kwamba kikikuingia unaugua. Mama yangu mdogo, ambaye ana sukari, alikuwa na utaratibu ninaoupendekeza kwa kila mtu: alichagua kitamu kimoja kwa siku, akakila nusu baada ya mlo, na nusu nyingine akampa mwenzake. Kwa kweli matembezi haya hufaa zaidi watu watatu au wanne, kwani sahani moja hugawanywa na kila mmoja huonja vingi bila kushiba mapema.

Lazima pia ujue unaingia jikoni kwa nani. Kisutu, jirani na mahekalu ya Wahindu, utakuta maduka ya laddu, barfi na jalebi, na migahawa ambayo haipiki nyama kabisa. Kuingia humo na mishkaki mkononi ni kumvunjia mwenyeji heshima. Vivyo hivyo, wanaokula kitimoto wana mahali pao, na mabaki yake hayabebwi kwenda nayo kwa mpishi Mwislamu. Katika mwezi wa Ramadhani migahawa mingi ya katikati ya mji na Kariakoo hufungwa mchana. Mgeni asilalamike, ila abadilishe ratiba, kwa sababu jioni za mwezi huo zina utajiri usiopatikana wakati mwingine: magimbi na mihogo ya nazi, tambi za sukari, uji wa pilipili manga, tende na kalimati, vyote vikiwa mezani kabla ya adhana ya magharibi. Siku za kawaida pia, salamu hutangulia agizo. Mpe shikamoo mzee wa kahawa, mwite mpishi "mama" au "dada" kwa kadiri ya umri wake, sema "naomba" badala ya "nipe", na uombe ruhusa kabla ya kuipiga picha sufuria ya mtu. Mimi nimeelekezwa kwenye majiko bora ya jiji hili na watu niliowasalimu vizuri, wala si na mabango.

Jumapili jioni iachie Coco Beach. Mihogo hapo hukaangwa au kuchomwa, hupasuliwa katikati na kujazwa kachumbari na pilipili, huliwa kwa mkono huku upepo wa bahari ukipuliza. Beba maji yako ya kunawa.

Halua inunuliwe siku ya kuondoka. Ni ndugu wa ile ya Oman, na kinachotakiwa ni wanga, sukari, samli na iliki, pamoja na mkono usiochoka kukoroga kwa muda mrefu juu ya moto. Omba kuonja kabla ya kulipa: iliyoiva huvutika na kung'aa, nayo huteleza ulimini bila kuacha punje za wanga. Kwa sukari yake nyingi hustahimili siku kadhaa za safari bila jokofu, jambo linaloifanya iwe zawadi ya kufaa hata kwa anayerudi Tabora kwa treni. Ifunge kwa karatasi mara mbili, uiweke wima ndani ya kile chombo chenye mfuniko, na uitenge na nguo, kwa sababu ikipata joto samli yake hutoka.