Jinsi ya kuhifadhi na kuchapisha slaidi kadhaa kwenye ukurasa mmoja

Niliwahi kugawa darasani vitini 40 vyenye slaidi 9 kwa kila ukurasa. Dakika chache baadaye watu walikuwa wanasogeza karatasi hadi puani. Jedwali lililosomeka vizuri ukutani lilikuwa limebaki vidoa vya wino. Tangu siku hiyo nahifadhi PDF kwanza, nachapisha ukurasa mmoja tu, nausoma, ndipo natoa nakala zote.

Hatua ya 1: Amua slaidi ngapi kwa ukurasa

PowerPoint inakupa 1, 2, 3, 4, 6 au 9. Slaidi pana ya kawaida ina upana wa karibu sentimita 34. Ukipanga 6 kwenye A4 iliyosimama, kila moja hubaki na takriban sentimita 8, kwa hiyo herufi za pointi 24 zinashuka hadi pointi 6 hivi. Hizo ni ndogo mno kwa msomaji wa kawaida.

Wengi huchagua 3 wakidhani slaidi zitakuwa kubwa kuliko za 6. Ukubwa ni karibu uleule. Unachopata ni mistari ya kuandikia pembeni. Kwa mafunzo ambayo watu wanaandika huku wakisikiliza, mimi huchagua 3. Grafu na majedwali nayapa 2. Hiyo 9 naiacha kwa matumizi yangu, ninapotaka kuona mtiririko mzima wa mada.

Hatua ya 2: Weka namba

Fungua Insert, kisha Header & Footer. Kwenye kichupo cha Slide weka tiki kwenye Slide number, halafu ubofye Apply to All. Namba inayokuja yenyewe kwenye kitini ni ya ukurasa, si ya slaidi, na mtu akiuliza kuhusu "slaidi ya 14" kila mmoja anahitaji kuiona.

Hatua ya 3: Hifadhi kama PDF

Kwenye Windows, nenda File, Save As, chagua aina ya faili PDF, kisha bofya Options. Chini ya Publish what badilisha Slides iwe Handouts, uchague idadi. Weka tiki kwenye Frame slides. Bila fremu, slaidi nyeupe zinaelea tu kwenye karatasi nyeupe.

Kwenye Google Slides pitia File, Print preview, chagua mpangilio, upakue PDF. Kwenye LibreOffice Impress, fungua dirisha la kuchapisha na uchague Handouts sehemu ya Document.

Kagua PDF hiyo kwa makini, hasa slaidi zenye vitu vinavyoingia na kutoka. Kwenye karatasi vyote hutokea kwa pamoja, kimoja juu ya kingine. Slaidi ya namna hiyo igawanye iwe mbili.

Hatua ya 4: Chapisha

Bonyeza Ctrl+P, bofya palipoandikwa Full Page Slides, chagua Handouts na idadi yako. Kama printa ni ya wino mweusi, chagua Grayscale hapohapo: mara nyingi mandharinyuma meusi hugeuka meupe na wino unaokolewa. Ndiyo maana nakala nyeusi-nyeupe nachapisha moja kwa moja kutoka PowerPoint, si kutoka kwenye PDF.

Kabla ya kubofya Print, fungua mipangilio ya printa yenyewe. Idadi ya kurasa kwa karatasi lazima iwe 1. Ikiwa 2, printa itapunguza tena ukurasa ambao PowerPoint imeshaupunguza. Ukichapisha pande zote mbili, karatasi ikiwa imesimama, chagua igeuzwe kwa upande mrefu, la sivyo ukurasa wa nyuma utatoka kichwa chini.