Namna ya Kuanzisha na Kuendesha Vikundi vya Mada katika Jumuiya ya Mtandaoni

Jumuiya ya mtandaoni ikishakua, mazungumzo yake huanza kukanyagana. Mtu aliyeuliza kuhusu lenzi za kamera hupata majibu mawili yaliyofukiwa chini ya jumbe za wacheza sataranji wanaobishana, na kabla ya juma kwisha pande zote mbili zimezima arifa. Njia iliyozoeleka ya kupunguza msongamano huo ni kuwagawa wanachama katika vikundi kwa kufuata mambo wanayoyapenda, na kazi hiyo huonekana nyepesi kwa sababu programu nyingi humwezesha mtu kuunda kikundi kwa muda usiozidi dakika moja. Wepesi huo ndio umezaa vikundi vingi vyenye jina zuri, picha nzuri na ukimya wa miezi. Mwongozo huu unamlenga msimamizi wa jumuiya, au mwanachama aliyepewa idhini, anayetaka kikundi atakachokiunda kiwe bado na watu wanaozungumza mwaka mmoja baadaye.

Mazungumzo yatangulie kikundi

Usiunde kikundi kwa kutarajia kwamba watu watakuja kuzungumza. Unda kikundi kwa ajili ya watu ambao tayari wanazungumza na hawana nafasi ya kutosha. Pitia jumbe za jumuiya za mwezi mmoja au miwili iliyopita na utafute dalili tatu: swali la aina moja linalorudiwa na watu tofauti, watu walewale wanaojibizana bila kuchoka, na wanachama wengine wanaolalamika kwamba mada hiyo imewajaa. Dalili hizo zikionekana pamoja, haja ipo. Ikionekana ya kwanza peke yake, huenda kinachohitajika ni ukurasa mmoja wa maswali na majibu, wala si kikundi.

Hesabu ya wachangiaji nayo ifanywe bila kujidanganya. Mwaka 2006, Jakob Nielsen, mtaalamu wa matumizi ya tovuti, alieleza kanuni ya makadirio kwamba katika jumuiya nyingi za mtandaoni asilimia 90 ya watu husoma tu, asilimia 9 huchangia mara moja moja, na asilimia 1 ndiyo hubeba sehemu kubwa ya mazungumzo. Uwiano huo haufanani kila mahali, na vikundi vidogo vya watu wanaofahamiana mara nyingi huupita, lakini unatosha kumzindua mtu: kwa hesabu hiyo, kikundi cha watu 30 kina wachangiaji watatu wa mara moja moja na hakina hata mmoja wa kukibeba. Kwa hiyo, kabla ya kubonyeza kitufe chochote, pata watu wasiopungua watano ambao wamekubali kwa maneno yao wenyewe kwamba wataandika, na si kwamba wangependa kujiunga.

Swali la nani aruhusiwe kuunda kikundi si geni. Usenet, mtandao wa majadiliano ulioanza mwaka 1980 kati ya vyuo vikuu viwili vya jimbo la North Carolina nchini Marekani, uliweka utaratibu mkali kwa vikundi vyake vikuu: mwombaji alitangaza pendekezo, lilijadiliwa, kisha likapigiwa kura, na kikundi kilipatikana tu ikiwa kura za ndiyo zilizidi za hapana kwa angalau 100 na kufikia thuluthi mbili ya kura zote. Waliouona utaratibu huo kuwa mzigo walijitengea fungu lao mwaka 1987, ambamo mtu aliweza kuunda kikundi bila kura, na fungu hilo likajaa mambo ya maana pamoja na takataka nyingi. Kwa jumuiya ya kawaida, ninaona njia ya kati inafaa zaidi: mwombaji aandike aya moja ya kusudi, ataje wenzake watano, na kikundi kifunguliwe kwa majaribio ya miezi mitatu.

Jina, mipaka na mlango

Jina lieleze mada kwa maneno ambayo mgeni angeyatumia anapotafuta. Majina ya kimafumbo huwafurahisha waanzilishi na kuwapita wengine wote. Chini ya jina, andika maelezo ya sentensi mbili au tatu yanayosema kikundi kinahusu nini, kinamfaa nani na, jambo ambalo wengi hulisahau, mambo gani ya jirani hayamo. Kikundi cha upigaji picha kikisema waziwazi kwamba uuzaji wa kamera haumo, msimamizi atakuwa ameepuka nusu ya ugomvi wa miezi ya mwanzo.

Kisha amua kuhusu mlango. Kikundi kinaweza kuwa wazi kwa kila mtu kukisoma, kinaweza kuonekana lakini kikahitaji ombi la kujiunga, au kinaweza kufichwa kabisa. Mada za kujifunza, kama vile ushonaji au lugha za kompyuta, hunufaika na uwazi kwa sababu majibu ya leo humsaidia msomaji wa mwakani. Mada zinazogusa afya, familia au imani huhitaji mlango uliofungwa. Uamuzi huu ufanyike mwanzoni, kwa kuwa mtu aliyeandika akijua kwamba anasomwa na wenzake 40 hakukubali kusomwa na umma; kufungua baadaye kikundi kilichokuwa cha faragha ni kumgeuka.

Programu yenyewe nayo huamua mengi. Katika kikundi cha kawaida cha WhatsApp, chenye ukomo wa wanachama 1,024, kila mmoja aweza kuona namba ya simu ya mwenzake, hali ambayo haiwafai watu wasiofahamiana. Telegram hupokea hadi wanachama 200,000 na humruhusu mtu kuficha namba yake. Kiungo cha mwaliko kikisambaa, yeyote aliye nacho huingia, basi washa mpangilio wa kuidhinisha wanaojiunga na ubadilishe kiungo mara kwa mara.

Kanuni na utekelezaji wake

Kanuni zisizidi saba, ziandikwe kwa sentensi zinazoeleweka bila ufafanuzi, na zibandikwe juu ya kikundi. Orodha ya kanuni 20 haisomwi na mtu yeyote isipokuwa yule anayetafuta upenyo.

Mwanauchumi wa siasa Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Uchumi mwaka 2009, alichunguza jinsi watu wanavyotunza kwa pamoja maji ya umwagiliaji, malisho na misitu. Miongoni mwa mambo aliyoyakuta katika mipango iliyodumu ni mawili yanayotufaa hapa: wanaoathiriwa na kanuni walishiriki kuzibadilisha, na adhabu zilianza kwa upole na kupanda kadiri kosa lilivyorudiwa. Kikundi cha mtandaoni kinaweza kufuata ngazi hiyohiyo. Kosa la kwanza, mwandikie mhusika faraghani na umweleze kanuni aliyoivunja, la pili, ondoa ujumbe na useme sababu, la tatu, mnyamazishe kwa siku kadhaa, likiendelea, mtoe. Matusi ya makusudi, utapeli na kuanika siri za mtu havipitii ngazi hizo, bali huishia kwenye kutolewa mara moja. Onyo la hadharani liepukwe kadiri inavyowezekana, kwa sababu anayeonywa mbele ya watu hujitetea mbele ya watu, na mada ya kikundi hugeuka kuwa yeye.

Ubishi ukipamba moto bila mtu kuvunja kanuni, punguza kasi badala ya kutafuta mkosaji. Telegram na Discord zina mpangilio unaomlazimu kila mwanachama kusubiri muda fulani kabla ya kutuma ujumbe mwingine, na kusubiri dakika chache tu mara nyingi hutosha kurudisha adabu.

Wasimamizi wasiwe mmoja

Kikundi chenye msimamizi mmoja kinategemea afya yake, kazi yake na hamu yake. Teua angalau wawili zaidi katika mwezi wa kwanza, ukichagua watu wenye subira kuliko wenye ujuzi mwingi wa mada, na ikiwezekana wanaokuwa macho kwa saa tofauti. Wawe na mahali pao pa kuandikia maamuzi: nani alionywa, lini na kwa nini. Bila kumbukumbu hiyo, mwanachama mmoja atasamehewa na msimamizi huyu kwa kosa ambalo mwingine alitolewa nalo, na tuhuma za upendeleo zitakuwa za haki. Umiliki urithishwe mapema. Katika WhatsApp, wasimamizi wote wakiondoka, programu huchagua mwanachama mmoja bila kujali anafaa au hafai.

Katika wiki za mwanzo wale watano waliojitolea ndio wafanye kazi kubwa. Waulize maswali ambayo kwa kweli wanayo, wamjibu kila mgeni ndani ya siku moja, na waache maswali mepesi yajibiwe na wanachama wapya hata kama wao wanayajua majibu. Mara moja kwa wiki, mmoja wao apeleke kwenye jumuiya kuu muhtasari mfupi wa yaliyojadiliwa, ili kikundi kisijitenge na waliobaki nje wajue kwamba kipo.

Kukiunganisha au kukifunga

Kipindi cha majaribio kikiisha na wanaoandika wakawa wawili, kiunganishe na kikundi cha mada jirani. Kufunga si aibu, lakini kuna namna yake: tangaza wiki nne kabla, eleza sababu, waelekeze wanachama mahali pa kuendelea, kisha zuia jumbe mpya huku za zamani zikiendelea kusomeka. Hifadhi pia nakala nje ya programu. Yahoo iliondoa maudhui ya vikundi vyake mwishoni mwa mwaka 2019 na kuifunga huduma yenyewe Desemba 2020, na vikundi vilivyokuwa havina nakala vilipoteza mazungumzo ya miaka mingi. Nakala ya kila baada ya miezi mitatu, ikiwa mikononi mwa wasimamizi wawili na kwa idhini ya wanachama ikiwa kikundi ni cha faragha, inatosha.