Shotgani ya zamani inayokwama: pa kuanzia

Shotgani ya zamani ya kujipakia ikianza kung'ang'ania maganda, wenyewe husema imechoka. Sikubali. Nyingi ninazofungua hazijavunjika kitu: oili imeganda, springi imelegea, au pete imewekwa sipo.

Hatua ya 1. Toa risasi zote. Vuta boliti (chuma kinachofunga nyuma ya mtutu) hadi ishike nyuma, angalia magazini (bomba la kuhifadhia risasi) na chemba (sehemu ya mtutu inapokaa risasi) kwa macho, kisha papasa kwa kidole. Risasi ziweke chumba kingine.

Hatua ya 2. Jua inaendeshwa na nini. Auto-5 ya John Browning, iliyoanza kutengenezwa na kiwanda cha FN cha Ubelgiji mwanzoni mwa karne ya 20, hutumia teke lenyewe: mtutu na boliti hurudi nyuma vikiwa vimeshikana. Remington 1100, iliyotoka 1963, hutumia gesi inayopenya matundu madogo ya mtutu na kusukuma pistoni. Usiguse oili kabla ya kujua uliyonayo ni ipi.

Hatua ya 3, kwa ya teke. Bonyeza mtutu nyuma kidogo ndipo ufungue kifuniko cha magazini, kwa kuwa springi iliyo chini yake ina nguvu. Vua mbao ya mbele uikague kwa ndani. Ufa unaonyesha mtutu umekuwa ukigonga kwa nguvu kupita kiasi. Sasa tazama pete. Kwa risasi nzito, pete ya chuma hukaa kati ya springi na breki ya shaba (kipande kinachobana bomba la magazini), upande uliochongwa mshazari ukielekea shaba. Kwa risasi nyepesi, iteremshe hadi chini ya springi. Watu wengi hurithi bunduki na hawajawahi kuiona pete hiyo, sembuse kuihamisha! Bomba la magazini lifute kwa kitambaa chenye oili kidogo sana. Oili ikizidi, breki huteleza na mbao hupasuka. Likikauka kabisa, mtutu haurudi vya kutosha.

Hatua ya 4, kwa ya gesi. Sugua masizi kwenye bomba na pistoni, zibua matundu ya gesi bila kuyapanua. Kwenye 1100 kuna pete ya mpira: ikipasuka, gesi huvuja na ganda halitoki. Weka ya akiba.

Hatua ya 5. Ndani ya kitako kuna springi inayorudisha boliti, na ndiyo inayosahaulika kuliko zote. Oili hutiririkia humo bunduki ikisimamishwa mtutu juu, ikaganda na kushika uchafu. Skrubu za Auto-5 zina mifereji myembamba; bisibisi isiyolingana itaziharibu, kwa hiyo kama huna inayofaa mpelekee fundi bunduki.

Hatua ya 6. Sugua chemba kwa brashi ya shaba, kwani kutu hushika ganda la plastiki. Mpe fundi apime urefu wake pia: Auto-5 za zamani zaweza kuwa na chemba ya milimita 65, na risasi ya 70 huingia vizuri tu, lakini ganda hukosa nafasi ya kufunguka na shinikizo hupanda. Risasi za marisau ya chuma usizitumie kwenye mitutu hii ya zamani.

Hatua ya 7. Ijaribu kwenye uwanja wa shabaha, risasi mbili tu kwa wakati mmoja. Kwa Auto-5, ganda likibaki kwenye mlango wa kutokea, rudi kwenye pete na oili. Teke likiwa kali kupita kawaida, ongeza breki kwa kuweka pete mahali pa risasi nzito kabla ya kupiga tena.