Kuishi Peke Yako kwa Pensheni Ndogo Isiyoongezeka

Ushauri mwingi wanaopewa wastaafu huanza na vitu vidogo vidogo: punguza hiki, acha kile, usinunue gazeti. Hauna madhara, lakini haugusi kiini cha tatizo. Mtu anayeishi peke yake kwa pensheni ndogo kwa kawaida amekwisha kuyabana matumizi yake ya kila siku hata hayabaniki tena. Kinachomwangusha ni makazi yaliyo makubwa kuliko kipato chake, pamoja na malipo yanayokuja mara moja au mbili kwa mwaka bila kuwekewa akiba. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na makazi na kalenda, na mambo ya jikoni na ya taa yanafuata baadaye.

Anza kwa kujua kipato chako halisi, yaani kiasi kinachobaki baada ya makato yote, wala si kile kilichoandikwa kwenye barua ya kustaafu. Fedha ambazo watoto au ndugu hutuma wanapojaliwa usizitie kwenye hesabu hiyo. Zipokee kwa shukrani, uzitumie kwa jambo la ziada, lakini mpango wako uwe na uwezo wa kusimama bila hizo. Ukiona pengo kubwa kati ya mshahara wa zamani na pensheni, usijilaumu. Mkataba Na. 102 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1952, uliweka kiwango cha chini cha pensheni ya uzee kuwa asilimia 40 tu ya mshahara unaochukuliwa kuwa kipimo, tena kwa mtu aliyechangia kwa miaka 30, na nchi nyingi hazijauridhia hata mkataba huo.

Makazi

Kuishi peke yako ni ghali kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu paa ni moja, taa ya sebuleni ni moja na bili ya chini ya maji ni moja, awe ndani mtu mmoja au wawe wawili. Katika kipimo kinachotumiwa na ofisi ya takwimu ya Umoja wa Ulaya kulinganisha kaya, mtu mzima wa kwanza huhesabiwa 1 na wa pili huhesabiwa 0.5. Maana yake ni kwamba mwenzi akifariki au akiondoka, mahitaji ya anayebaki hayashuki hadi nusu. Hushuka hadi theluthi mbili hivi, ilhali kipato kinaweza kuwa kimeshuka zaidi ya hapo. Wajane wengi, wanawake kwa wanaume, hujikuta katika hali hii na kuendelea kwa miaka kadhaa kulipia nyumba ya watu watano.

Kama umepanga, hesabu kodi ya pango pamoja na bili zake zote, kisha ulinganishe na pensheni. Ikiwa zinakaribia nusu ya kipato, hakuna ubanaji wa jikoni utakaoziba pengo hilo, na jambo la busara ni kuhamia mahali padogo mapema, ungali na nguvu za kuchagua na kubeba, kuliko kungoja uhamishwe na deni. Kabla ya kuhama pima umbali wa kwenda kituo cha afya na mahali pa kununulia mahitaji, kwa sababu pango la bei nafuu lililo mbali hula nauli kila wiki, na miguu ya miaka 60 si ya miaka 75.

Kama nyumba ni yako, kumpangisha mtu chumba kimoja ndilo jambo ambalo kwa maoni yangu huleta nafuu kubwa kuliko mengine yote katika mwongozo huu, kwa kuwa huongeza kipato na huweka mtu mwingine karibu. Lifanywe kwa maandishi: kiasi, tarehe ya kulipa, nani analipa umeme, na muda wa kupeana taarifa ya kuondoka. Lakini usimhamishie mtu yeyote umiliki wa nyumba ukiwa hai kwa ahadi ya kwamba atakutunza, hata akiwa mwanao wa kumzaa, kabla ya kuonana na mwanasheria anayekuwakilisha wewe peke yako. Hati ikishabadilishwa jina, ahadi ya mdomo haina pa kushikiwa.

Fedha za wiki na fedha za mwaka

Baada ya kuondoa pango na bili, kinachobaki kigawanywe kwa wiki, na hapa wengi hukosea hesabu. Mwezi si wiki nne. Mwaka una wiki 52, kwa hiyo mwezi mmoja una wiki 4.33 hivi. Tuchukue kwamba umebakiwa na 1,200 kwa mwezi, kwa fedha yoyote ile. Ukigawanya kwa 4 utajipa 300 kwa wiki, na katika robo ya mwaka yenye wiki 13 utakuwa umetumia 3,900 huku umepokea 3,600. Yaani umekosa fedha za wiki nzima. Zidisha 1,200 kwa 12, ugawanye kwa 52, utapata karibu 277. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayoeleza kwa nini siku za mwisho wa mwezi huwa ngumu hata kwa mtu mwangalifu. Toa fedha za wiki moja tu kwa siku maalumu, na siku hiyo ikishapita usirudi benki wala kwenye simu hadi wiki nyingine, isipokuwa kwa dharura.

Kisha chukua karatasi yenye miezi 12 na uandike kila malipo yasiyo ya kila mwezi: kodi ya serikali ya jengo au ya ardhi, bima, miwani, viatu, ukarabati wa paa, safari ya lazima, mchango usiokwepeka. Jumlisha yote, ugawanye kwa 12, na kiasi hicho kitengwe siku ileile pensheni inapoingia, katika akaunti nyingine au mahali ambapo kutoa kunahitaji safari. Ukiona kwamba jumla hiyo haiwezekani, afadhali uligundue jambo hilo ukiwa na karatasi mbele yako kuliko kuligundua mlipwaji akiwa mlangoni. Futa basi vilivyo vya hiari, kimoja baada ya kingine, hadi hesabu ikubali.

Pensheni isiyoongezeka ina adui mmoja wa kimyakimya, nao ni mfumuko wa bei. Gawanya 72 kwa asilimia ya mfumuko, utapata takriban miaka ambayo bei zitachukua kuongezeka maradufu. Kwa asilimia 6 ni miaka 12, kwa hiyo aliyestaafu akiwa na miaka 60, akifika 72 pensheni yake itanunua nusu tu ya ilivyokuwa ikinunua. Ndiyo maana mpango unaotosha barabara katika mwaka wa kwanza hautoshi kwa kweli. Acha nafasi tangu mwanzo, rudia hesabu kila mwaka, na vitu vya kudumu kama vile jiko, godoro na kazi ya meno vishughulikiwe katika miaka ya mwanzo ambapo fedha bado ina thamani.

Umeme, chakula na dawa

Kwenye umeme fuata joto. Balbu ya zamani ya wati 60 ikiwaka saa 5 kwa siku hutumia takriban uniti 110 kwa mwaka, na ya LED ya wati 9 hutumia kama 16, kwa hiyo ibadilishe. Hata hivyo, kupasha tangi la lita 50 kutoka nyuzi 20 hadi 60 mara moja tu hula uniti zaidi ya 2, sawa na kuwasha balbu hiyo ya LED kwa saa zaidi ya 250. Anayezima taa kwa uangalifu huku hita ya maji inawaka mchana kutwa hajaokoa kitu. Pasha kiasi unachohitaji, muda mfupi kabla ya kukihitaji.

Chakula cha mtu mmoja kina hatari mbili: kununua kingi kikaharibika, na kuchoka kupika ukaishia kula wanga mtupu. Hatari ya pili ni kubwa zaidi, kwa maana misuli hupungua kadiri umri unavyosogea, na wataalamu wa lishe hupendekeza kwamba wazee wapate gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku, isipokuwa wenye ugonjwa wa figo, ambao hupangiwa na daktari. Yai moja lina gramu 6 hivi; vyakula vya jamii ya kunde hutoa protini kwa gharama ndogo kuliko nyama. Pika mara moja kwa siku mbili, na kinachobaki kiingie kwenye jokofu ndani ya saa mbili, chini ya nyuzi 5. Usiye na jokofu pika cha mlo mmoja tu, au panga na jirani mpokezane zamu za kupika. Kunywa maji kwa saa maalumu bila kungoja kiu, kwani hisia ya kiu hupungua uzeeni.

Kuhusu dawa, mwulize mfamasia kama ipo dawa isiyo na jina la kibiashara yenye kiambato kilekile, maana kwa kawaida bei yake ni ya chini zaidi. Mara moja kwa mwaka mpelekee daktari dawa zote unazotumia ili aone ipi huihitaji tena. Usigawanye vidonge wala kuruka siku ili kuokoa fedha bila kuuliza. Vidonge vinavyotoa dawa polepole havipaswi kukatwa wala kusagwa.

Mikopo, ndugu na matapeli

Usikope kwa ajili ya chakula. Mkopo wa riba ya asilimia 10 kwa mwezi unasikika kuwa mdogo, lakini 100 isiyolipwa, riba ikiwa inajumlishwa, huwa 314 baada ya miezi 12. Usimdhamini mtu mkopo kwa pensheni yako pia. Ndugu wanaoomba msaada hawatakwisha, na si lazima uwe mkali kwao. Tenga kiasi kidogo cha kusaidia kwa mwezi, na kikiisha sema kimeisha. Kwa upande mwingine, waambie watoto ukweli wa kipato chako, kwa kuwa wengi hudhani mzazi anajiweza kwa sababu hajawahi kulalamika. Na mtu yeyote anayepiga simu akiharakisha mambo, akidai namba ya siri au malipo ya kwanza ili ufunguliwe mafao, mkatie. Kisha uipigie ofisi husika kwa namba uliyonayo tangu zamani.

Usalama na nyaraka

Ondoa mazulia yanayoteleza, weka taa kati ya kitanda na choo, na simu ilale pale unapoweza kuifikia ukiwa sakafuni. Patana na mtu mmoja mjuliane hali kila asubuhi kwa ujumbe mfupi, mkiwa mmekubaliana kwamba usipojibu hadi saa fulani atakuja au atamtuma mtu. Mpe ufunguo wa akiba.

Mifuko mingi ya pensheni hufanya uhakiki wa wastaafu na husitisha malipo ya asiyejitokeza, kwa hiyo tarehe ya uhakiki iandikwe kwenye kalenda ileile ya malipo ya mwaka, pamoja na nauli yake. Kitambulisho, namba ya pensheni, hati ya nyumba au mkataba wa pango, orodha ya dawa, majina ya warithi uliowaandikisha na nakala ya wosia vikae katika bahasha moja. Mwenye ufunguo wako ajue ilipo, hata kama hajui kilichomo.