Umenyimwa kazi kwa kabila au rangi yako? Jinsi ya kuwasilisha malalamiko ukiwa Malindi au Lamu

Vijana wetu wengi wakikataliwa kazi hotelini au bandarini kwa sababu ya kabila, rangi au buibui, hunung'unika barazani na mambo yakaishia hapo. Inaniuma, kwa sababu sheria ipo. Kifungu cha 27 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinakataza ubaguzi wa rangi, asili, dini, lugha, hata mavazi. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 5, inamlinda hata anayeomba kazi tu. Tena mbele ya mahakama, mwajiri ndiye anayetakiwa kuthibitisha kuwa hakubagua. Wewe kazi yako kubwa ni kuhifadhi yaliyosemwa na yaliyotendeka.

Andika siku hiyohiyo, kabla hujalala. Usiandike "walinibagua" ukaachia hapo. Andika hivi: "Jumanne saa nne asubuhi, lango la nyuma, msimamizi alitazama kitambulisho changu akasema, 'Nyinyi wa Lamu hamdumu kazini.' Walinzi wawili walisikia." Ongeza majina na simu za mashahidi. Hifadhi tangazo la kazi, barua yako ya maombi na jumbe za WhatsApp. Usifute hata moja. Kama aliyechukuliwa hana sifa zilizotangazwa, andika na hilo.

Kisha nenda afisi ya leba, yaani ya serikali inayoshughulikia mambo ya kazi, na barua yako, nakala mbili. Moja igongwe muhuri wa tarehe, urudi nayo nyumbani; bila muhuri huo ni rahisi kuambiwa hukufika. Afisa anaweza kumwita mwajiri mkasikizana. Ikishindikana, iko Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ambayo husikiza kesi Malindi. Sheria inakupa miaka 3, lakini mashahidi huhama na simu hupotea, basi usikawie. Huna pesa za wakili? Uliza Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, au Kituo cha Sheria, chenye afisi Mombasa.

Ikiwa ni taasisi ya umma iliyojaza kabila moja, andikia pia Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa. Sheria yake ya 2008 hairuhusu kabila moja kupita thuluthi moja ya wafanyakazi.

Malalamiko dhidi ya polisi nayo yana njia yake. Mbajuni, mwenyeji wa visiwa vya Lamu, akisimamishwa njiani na kuulizwa kama kweli ni Mkenya, asibishane hapo. Soma jina au nambari ya huduma kwenye sare, na nambari ya gari. Ukikamatwa, Kifungu cha 49 kinataka uambiwe sababu kwa lugha unayoielewa, na ufikishwe kortini ndani ya saa 24, au siku ya korti inayofuata ikiwa saa hizo zimeishia wakati korti imefungwa. Umepigwa? Hospitali kwanza, na fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari huandika majeraha yako, ijazwe. Ukiwa kituoni omba nambari ya OB, yaani ya ripoti yako katika kitabu cha matukio. Wakikunyima, andika nani alikunyima na saa ngapi.

Malalamiko hayo yapeleke IPOA, mamlaka huru inayosimamia utendakazi wa polisi. Ni bure, kwa maandishi au kwa mdomo, na simu ya 1559 hailipiwi, kwa hivyo aliye Faza au Kiunga hana haja ya kupanda boti. Kabla ya kukata simu, omba nambari ya faili yako. Ndiyo utakayoitaja kila ukifuatilia.